Redio ya Mama na Meno ya Gari

Baba alipomgonga punda wa mjane mmoja kwenye barabara ya Kalamba, alishuka garini akachuchumaa mbele ya gari. Punda alikuwa amelala ubavu kwenye changarawe, mitungi ya plastiki imepasuka chini yake, na maji ambayo yule mama alikuwa ameyatafuta tangu alfajiri yalikuwa yanaingia mchangani. Baba hakumtazama punda wala mwenye punda. Alikuwa anapapasa bampa kwa vidole, taratibu, kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika. Alipoinua uso alimwambia yule mjane, "Hii mnyama yako haina macho? Ona vile imenifanyia."

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nami nilikuwa mwalimu asiye na cheti katika shule ya msingi, mwanamke mzima asiyeolewa, na bado nalala kwa baba. Mambo hayo matatu baba aliyataja kila nilipofungua mdomo, kwa hiyo siku hiyo sikuufungua. Mjane alikuwa anamvuta punda masikio, akimsihi asimame. Baba aliwasha gari, akayazunguka maji kwa uangalifu ili matope yasirukie milango.

Baba alikuwa mtu mkubwa kwetu. Alikuwa na bucha sokoni, alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kila harambee ndiye aliyesimama mbele kutangaza nani ametoa na, kwa sauti ile ile, nani hajatoa. Watu walicheka mzaha wake kabla hajaumaliza. Nyumbani hakuwa na mzaha. Alipiga kwa kiganja, hakupiga kwa ngumi, na jambo hilo aliliona kuwa ustaarabu. Aliwahi kulisema hata mbele ya wageni.

Gari lenyewe lilikuwa la mitumba, dogo, jeupe. Magari tuliyoyazoea sisi yalikuwa na bampa za chuma. Ukigonga kitu, fundi naye anagonga kwa nyundo mpaka chuma kinarudi mahali pake, mnaendelea na safari. Hili lilikuwa na bampa ya plastiki, na juu ya bampa, katikati ya taa, lilikuwa na grili ya plastiki nyeusi yenye vijiti vyembamba. Sisi tuliiita meno. Baba aliyapenda meno hayo kuliko injini. Kila asubuhi aliyapangusa kwa kitambaa cha maji, na sisi tulikuwa tunaoga kwa maji ya kikombe.

Sasa bampa ilikuwa na ufa kutoka taa hadi chini, na meno ya katikati yalikuwa yamebaki barabarani. Jumapili iliyofuata askofu alikuwa anakuja kwa harambee ya kanisa, na baba ndiye angempokea kwenye barabara kuu ya Mombasa na kumleta. Grili mpya ilipatikana Nairobi. Baba aliuliza bei, akacheka kwa hasira, akasema hatanunua kipande cha plastiki kwa bei ya ng'ombe. Akalipeleka gari kwa fundi wa mitungi.

Fundi huyo hakuwa fundi wa magari. Kwetu maji yanatoka mbali, na mtungi uliopasuka hautupwi, unazibwa. Yeye alikaa kando ya soko na jiko la makaa, anapasha kisu mpaka kinakuwa chekundu, anayeyusha kipande cha mtungi mwingine uliokufa, anakipaka juu ya ufa. Alikuwa mwembamba, mwoga, na vidole vyake vilikuwa vimeungua mpaka havina alama. Alimwogopa baba kama karibu kila mtu sokoni alivyomwogopa. Aliposikia ni kazi ya gari alitaka kukataa, lakini hakujua namna ya kumkatalia mtu yule.

Njia yangu ya kutoka shule ilipita kwake, na jioni ile nilisimama kutazama. Alikuwa amekwangua unga kidogo kutoka nyuma ya bampa, akauchoma, akanusa moshi. Akachoma kipande cha mtungi, akanusa. Akatikisa kichwa.

"Mzee, hii haitaki mtungi," alimwambia baba. "Mtungi itashika leo, kesho inabanduka. Hii inataka beseni. Moshi yao ni moja."

"Beseni iko," baba akasema.

Beseni lilikuwa la mama. Lilikuwa la buluu, kubwa, na ndani yake kulikuwa na maharagwe yaliyolowekwa. Mama alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni anasokota katani kwenye paja, maana nyonga yake ilikuwa mbovu na kazi aliyobakiwa nayo ilikuwa kusuka vyondo, vile vikapu vyetu vya katani. Baba aliyamwaga maharagwe chini mbele yake. Kisha akasimama na beseni mkononi, akamtazama mama usoni, akitabasamu, akingoja aseme neno. Alipenda sana kutazamana na mtu anapomchukulia kitu. Mama aliendelea kusokota. Baba alipoondoka, mama aliokota maharagwe akayatia kwenye sufuria.

Siku ya pili bampa ilikuwa imeshonwa. Nasema imeshonwa kwa sababu ndivyo fundi alivyofanya. Alitoboa matundu madogo kila upande wa ufa kwa msumari wa moto, akapitisha waya mwembamba kama mtu anayeshona gunia, akakaza. Kisha akakata beseni la mama vipande vyembamba, akaviyeyusha juu ya waya na kuvibandika kwa kisu, akapiga msasa, akapaka rangi nyeupe. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kuikataa. Pembeni tu ndipo palipobaki mstari mwembamba wa buluu ambao rangi haikuufunika vizuri.

Meno yalikuwa shida nyingine. Fundi alidondosha thina kidogo, ile dawa ya kuzimulia rangi, kwenye grili, akasugua kwa kidole, na plastiki ikawa inanata. Akaeleza kwamba hii ni ile plastiki inayoyeyuka kwa thina, si kwa moto. Unatafuta plastiki ya namna hiyo hiyo, unaivunja vipande vidogo, unailoweka kwenye mkebe wa thina mpaka inakuwa uji mzito, halafu unaunda jino jipya kwa ule uji.

"Inataka ndugu yake," alisema. "Nitaangalia."

Sasa ni lazima niseme habari ya redio.

Mama aliinunua mwenyewe kwa vyondo vyake kabla nyonga haijaharibika. Ilikuwa redio ndogo nyeusi, ya mawe ya betri, na mawe yakiisha nguvu aliyaanika juu ya bati yapate jua ili yaongee siku mbili tatu zaidi. Hakuitumia kwa nyimbo wala kwa mahubiri. Aliifungua jioni tu, wakati wa matangazo ya vifo kwa Kikamba, na yakiisha aliizima. Alikuwa anamsikiliza kaka yangu.

Kaka alikuwa kifungua mimba wake. Siku moja, baba akiwa ameinua kiganja juu ya mama, kaka aliushika ule mkono hewani akaushikilia. Hakumpiga baba. Aliushika tu mpaka ukachoka. Baba hakupandisha sauti. Alimwambia, "Toka. Na usirudi hapa hata ukiwa kwa sanduku." Kaka alikwenda Mombasa, hilo tulilisikia, na baada ya hapo hatukusikia lingine. Miaka ikapita. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo hakungoja barua. Alingoja matangazo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu wetu akifa hata huko mbali, wenzake watachanga na kumtangaza, ili kwao wasikie. Ikiwa hakutangazwa, basi yuko hai, anakula mahali, anacheka na watu.

Kwa hiyo kila jioni chakula kilikuwa kinangoja. Sauti ya redio ilisoma jina, na mume wa nani, na mtoto wa nani, na wa kutoka wapi, na mama alikuwa ameinamisha kichwa, katani imesimama pajani. Likiisha la mwisho aliizima na kusema, "Hajasomwa." Ndipo tulipokula. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu ya chakula. Baba alikaa muda wote huo akiwa ametupa mgongo, akichokoa meno kabla hata hajala.

Mnamo katikati ya wiki hiyo ya harambee baba alikuja nyumbani mchana, wakati ambao hakuwa akija. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye rafu ya jikoni, akachukua redio.

"Fundi anataka hii," alisema.

Mama alijaribu kuinuka akashindwa. Sijawahi kumsikia akimwomba baba kitu, hata maji, lakini siku hiyo aliomba. "Mzee, chukua kuku. Chukua hizi vyondo zote, peleka. Hiyo niachie. Nakuomba, hiyo tu niachie."

"Ni plastiki tu. Nitakununulia ingine."

Aliyasema hayo huku anatazama sakafu. Mimi nilikuwa mlangoni, nimerudi kwa chakula cha mchana, nami sikumpisha. "Nau," nilimwita baba kwa Kikamba chetu, "unajua mama anasikiliza nini."

"Mwalimu bila cheti, toka kwa njia." Akanisukuma kwa kiganja, kifuani, nami nikaangukia kuni.

Jioni, saa ya matangazo ilipofika, mama aliacha kusokota akainamisha kichwa kama kawaida. Hapakuwa na sauti ila ng'ombe wa jirani. Alipoona muda umetosha hakusema neno lake. Chakula chake kilibaki kwenye sahani mpaka nikawapa kuku asubuhi.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi. Nilijua kidogo habari za redio. Nilijua kwamba kinachosema si ile plastiki, ni yale matumbo ya ndani, na matumbo hayo ungeweza kuyatia hata kwenye mkebe wa mafuta na yakasema. Nilitaka matumbo tu. Fundi alikuwa na mkebe kati ya miguu anakoroga uji mweusi. Nyundo ilikuwa kando, na kwenye nyundo palikuwa na kipande chenye namba za stesheni.

"Yale ya ndani yako wapi?" nikamuuliza.

"Mzee alienda nayo."

"Alienda nayo wapi? Ya nini?"

Hakuinua uso. "Alitupa kwa choo. Mwalimu, wacha nifanye kazi."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemchukia baba mpaka nasikia uchungu ulimini. Niliona ni ukorofi wake wa kila siku, kwamba haikutosha kuchukua plastiki, ilimpasa achukue na sauti. Sikuwaza zaidi ya hapo. Kwa mtu kama baba hukuhitaji kutafuta sababu.

Jumapili askofu aliletwa. Meno yalikuwa yamejaa, meusi, yamepakwa kiwi ya viatu yakang'aa, na wanakwaya waliliimbia gari likiingia uwanjani. Baba alishuka akamfungulia askofu mlango. Mama alikuwa amebebwa kwa kiti mpaka kivulini, upande wa akina mama. Alikuwa anayatazama yale meno. Nami niliyatazama, nikajaribu kujua ni jino gani lilikuwa upande wa spika.

Tangu wiki hiyo mama alianza kuuliza. Mwanamke yeyote aliyepita kwetu jioni, mama alimuuliza, "Leo wamesomwa akina nani?" Nao walijibu wakitazama kwingine, "Hakuna wa kwetu, mwaitu," yaani mama, wakaondoka haraka. Walianza kuja na vitu. Mmoja alileta sukari, mwingine unga, mwingine majani ya chai. Nikafikiri wanamhurumia kwa ajili ya redio. Nikafikiri ni watu wema.

Meno hayakukaa. Barabara zetu za wakati huo zilikuwa na matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na gari lilitetemeka juu yake mpaka taya zako zikauma. Siku moja baba alirudi na shimo katikati ya grili. Ilikuwa siku ya soko. Hakuja nyumbani kwanza, alikwenda kwa fundi, akampiga makofi mbele ya watu, upande huu na upande huu, akalipiga teke jiko lake, makaa yakatawanyika kwenye mitungi ya wateja. Watu walisimama wakitazama. Wengine walicheka, kwa sababu baba alisema maneno ya kuchekesha wakati anapiga, na mazoea ni mazoea.

Fundi alinivizia kwenye njia ya shule. Shavu lake moja lilikuwa limevimba. Nilidhani anataka nimlipie mitungi iliyoungua.

"Mimi nilimwambia," alianza, bila salamu. "Plastiki ya redio inafanana na ya grili kwa thina, lakini ni ngumu kama glasi. Haipendi kutingishwa. Na mimi nilikuwa na dashibodi, kipande kubwa, ya ile gari ilianguka Sultan Hamud. Hiyo ndiyo ilikuwa inafaa. Nilimwonyesha. Nikamwambia, mzee, chukua hii, sitaki hata kitu juu yake."

"Akasemaje?"

Alitazama nyuma yake. "Kulikuja dereva wa lori. Siku hiyo hiyo, mzee akiwa amesimama hapo kwangu anaangalia bampa. Huyo dereva alikuwa anauliza boma yenu. Alitumwa na vijana wa Mombasa, wale wanakaa na kaka yako. Alimwambia mzee kaka yako ameshikwa na homa, amekufa, amelala kwa hospitali. Akasema wamechanga, jina litasomwa kwa redio kutoka kesho, lakini wameona heri mtu afike."

Nilimwambia aendelee.

"Mzee akamwambia, umekosa boma. Dereva akasoma jina tena, ya kaka yako na yake mwenyewe. Mzee akasema, umekosa boma. Dereva akaenda. Ndiyo mzee akanigeukia, akaniuliza, redio inaweza yeyuka? Nikamwonyesha dashibodi. Akasema, nimekuuliza redio." Alishika shavu lake. "Hiyo ingine yote, mimi niliogopa tu."

Sikumpiga, ingawa nilitaka. Nilikwenda kwa jirani yetu, mama wa rika la mama yangu, ambaye sukari yake tulikuwa bado tunainywa. Nilimkuta anapura pojo. Nilimuuliza kama alisikia jina la kaka yangu redioni. Aliuacha mti wa kupuria.

"Kwani wewe hukujua?" akasema. "Walimsoma jioni tatu. Tulienda kwa bucha, tukampa baba yenu pole. Akatuambia mnajua, mnangoja mwili, lakini tusimwambie mama kwa sababu ana presha, akisikia atakufa. Ndiyo tumenyamaza. Tunaona mwili haiji. Tukasikia wale vijana walichoka kungoja, wakamzika huko huko." Akaanza kulia. "Na yeye kila siku ananiuliza, wamesomwa akina nani. Mimi sasa napita njia ya juu."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kalamba nzima ilijua, mpaka watoto niliokuwa nawafundisha kuhesabu walijua, ila mama na mimi. Na kaka yangu alikuwa amezikwa Mombasa na watu wasiojua jina la mama yake, kwa sababu baba aliahidi hatarudi kwa sanduku, na baba alikuwa mtu wa kutimiza ahadi.

Mama alikuwa mahali pake mlangoni pa jikoni. Nilipiga magoti mbele yake. Mwalimu mzima, nimezoea kuongea mbele ya darasa la watoto sabini, na sikupata pa kuanzia. Nilisema tu, "Mwaitu, kaka."

"Najua," akasema.

Mkono wake uliendelea kusokota. Nilidhani hakunielewa, nikaanza tena, akanikatiza.

"Alipochukua beseni alinitazama. Uliona. Alipochukua redio alitazama chini. Baba yako hajawahi kuona haya ya kuchukua kitu. Basi nikajua hiyo hachukui, anaficha. Na kitu ya kuficha kwa redio yangu ni moja tu."

"Tangu siku hiyo?"

"Tangu siku hiyo."

Nilimuuliza mbona hakulia, mbona hakupiga ukemi watu wakaja. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Nikilia atajua nimejua. Ataleta wazee wa kanisa. Wataimba, wataomba, watakunywa chai, watasema Mungu ametoa na ametwaa. Itakuwa imeisha. Baba yako atalala." Alitema mate kidogo kwenye kiganja, akaunganisha uzi mwingine. "Sitaki alale."

Jioni ile nilimwandalia baba chakula. Aliketi, akanawa, akamega ugali. Mama alikuwa upande wa pili wa taa. Alingoja mpaka tonge limeingia mdomoni.

"Mzee," akasema kwa sauti laini, ya heshima, "huko sokoni hukusikia? Leo wamesomwa akina nani?"

Swali lilikuwa lile lile nililokuwa nikilisikia kila jioni tangu redio ilipoondoka, nalo lilikuwa limenichoma moyo kila siku nikidhani ni matumaini. Sasa nililisikia lilivyo. Taya za baba zilisimama. Alitazama sahani. "Sijui," akasema, na tonge likamshuka kwa shida. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku niliyopata kazi.

Alimuuliza kesho yake, na siku iliyofuata, na miaka iliyofuata. Hakuruka jioni. Hakupandisha sauti, hakukunja uso. Wageni walimsifu kwa utaratibu wake. Baba alianza kuchelewa, na mama alingoja. Alianza kula buchani, na mama aliniambia nimwekee chai, kwa sababu mtu hawezi kulala bila kunywa kitu, na chai ikifika mkononi mwake swali lilikuwa linafika pia. Nguo zilianza kumpwaya. Siku moja alirusha kikombe ukutani akapiga kelele, "Unataka nini kwangu?"

"Kujua tu, mzee," mama akasema. "Nani amesomwa."

Angeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja. Angesema, mama angelia, na yangekwisha, naamini kabisa yangekwisha. Hakusema. Badala yake alikwenda Nairobi, akarudi na redio mpya, kubwa, yenye mahali pa kaseti na mpini wa kung'aa. Bei yake, nina hakika, ilitosha grili na zaidi. Aliiweka miguuni pa mama ikiwa bado ndani ya katoni. Mama aliipapasa ile katoni.

"Asante, mzee," akasema. "Lakini yangu iliharibika."

Haikufunguliwa. Ilikaa juu ya kabati, mchwa wakapanda wakaila katoni upande mmoja, plastiki ikaanza kuonekana, nyeusi, safi kabisa. Gari lenyewe lilikwisha kwa mtindo wake. Baba alifunga waya wa kuku kwenye shimo la meno, akaupaka rangi nyeusi, akaendesha hivyo mpaka alipoliuza kwa mtu wa Ikutha. Mstari wa buluu wa beseni la mama ulikuwa bado upo kwenye bampa siku lilipoondoka. Kazi ya beseni ilidumu.

Baba alikufa asubuhi moja akiwa anafunga viatu. Moyo, walisema. Ndugu yake mkubwa alikuja mchana huo huo na kalamu mfukoni, kwa sababu mtu kama baba, mzee wa kanisa, mwenyekiti, lazima asomwe redioni, jioni tatu au zaidi, watu waje kutoka Zombe mpaka Mombasa. Aliketi mbele ya mama akafungua karatasi.

"Tuandike," akasema. "Mume wa nani tunajua. Sasa watoto."

"Andika wote," mama akasema.

Aliandika jina langu. Kisha kalamu ikasimama.

"Andika na yule wa kwanza. Useme ni marehemu. Na uandike amezikwa wapi, nani alimzika, na kwa nini si hapa. Mkiandika hiyo, msomeni baba yake hata mwezi mzima."

Baba mkubwa alimtazama. Alikuwa miongoni mwa waliokwenda buchani kutoa pole miaka ile, kwa hiyo alijua alichokuwa anaulizwa. Alikunja karatasi akairudisha mfukoni. Hakuna mwingine aliyeishika kalamu baada yake.

Tulimzika na majirani wa karibu, wale waliofikiwa na habari kwa miguu. Kwaya haikuja. Viti vya kanisa vilivyoazimwa vilibaki vimepangwa juani, vingi vitupu. Mjane wa punda alikuja, akasimama mbali, akaondoka kabla ya sala.

Miezi ilipita. Siku moja gari liliingia uani, gari kubwa la chuma, akashuka yule askofu wa harambee na watu wake. Alikuwa anapita kwenda Makueni, akaona amsalimu rafiki yake. Mama alimwonyesha kaburi, lile rundo la udongo nyuma ya choo cha zamani, mahali alipopachagua mwenyewe. Askofu alivua kofia. Alishtuka kweli. Alisema mtu mkubwa vile, rafiki vile, tungekuja wote, tungejaza hii boma, mbona hatukusikia chochote redioni?

Mama alivuta uzi mpya wa katani akauweka pajani.

"Redio iliharibika," akasema, kisha akaniambia nilete viti.